Mrejesho: CD za kuchoma sasa zinalia safi garini

Wakuu, niliuliza kwa nini taarabu ninazochoma kwenye CD zinakwaruza na kurukaruka garini, wakati CD ya dukani inalia safi kwenye redio ileile.

Spika hazikuwa na kosa. Nyimbo zangu zilikuwa MP3 za kbps 128 (faili zilizobanwa sana ziwe ndogo, hivyo sehemu ya sauti hukatwa), na kuzichoma kama CD ya muziki hakurudishi sauti iliyokwisha kukatwa. Nimenakili upya kutoka CD zangu halisi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 16 na kHz 44.1, yaani kipimo kilekile cha CD ya muziki, nikachoma kama CD ya muziki, si ya data (ya kuhifadhi mafaili tu). Zinaingia dakika 80 tu, lakini udi sasa nausikia uzi kwa uzi!

Aliyeniambia nipunguze kasi ya kuchoma, asante sana. Kurukaruka kumekwisha.