Mazungumzo ya historia kwenye nyumba ya makumbusho, likizo ya Agosti: tupange vipi?

Njiwa_wa_Ngong

Hamjambo wanajukwaa. Kikundi chetu kimekubaliwa kuandaa mazungumzo ya historia kila Jumamosi ya likizo ya Agosti katika nyumba ya zamani upande wa Lang'ata ambayo siku hizi ni makumbusho. Ni nyumba ya mawe ya miaka ya 1910, ina sakafu ya mbao, veranda ndefu inayotazama magharibi, na sebule ya mita 6 kwa 5 yenye fanicha asilia. Tunatarajia watu 40 hivi, watoto wakiwemo.

Tuwaketishe wapi? Tuanze saa ngapi? Projekta itafaa? Chai na mandazi tuziweke wapi? Na zaidi ya yote, mada. Hatutaki kurudia maisha ya mwenye nyumba kwa Jumamosi nne mfululizo.

MtunzaVyombo

Karibu ndugu. Kabla hujachapisha bango, chukua futi kamba upime sebule. Mita 6 kwa 5 ni mita za mraba 30, lakini si zako zote. Acha mita moja kutoka kila ukuta wenye fanicha au picha, ili mkoba au goti la mtoto lisifike. Acha njia ya mita 1.2 hadi mlangoni, na mahali pa msemaji kusimama. Utabaki na mita za mraba 14 au 15. Mtu aliyeketi, pamoja na nafasi ya miguu yake, anahitaji karibu mita za mraba 0.75. Basi hao ni watu 18, na ukibana sana 20. Arobaini hawaingii, hata waje kwa nia njema kiasi gani. Mazungumzo yafanyike verandani au kwenye nyasi, kisha sebule itembelewe kwa zamu, watu kumi kumi, dakika 12 kila zamu, mtu wenu mmoja mlangoni na mwingine ndani.

Sakafu ndiyo ya kuogopa kuliko yote. Mbao za umri huo zimelalia boriti, na mchwa huzila boriti kutoka chini huku mbao za juu zikionekana nzima kabisa. Tembea polepole ukigonga kwa kisigino kutoka ukuta hadi ukuta. Panaponesa au panapotoa sauti ya uvungu, weka kizuizi na umwarifu msimamizi siku hiyo hiyo. Watu kumi waliotawanyika si tatizo. Watu kumi waliosongamana mbele ya meko kutazama saa moja ya mezani ni tatizo, kwa hiyo usiweke vitu vyote vya kuvutia upande mmoja.

Kwenye tangazo andikeni wazi: viatu bapa. Kisigino chembamba huweka uzito wote wa mtu kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na alama kinayoiacha kwenye mbao haitoki. Viti vya plastiki vya kukodi navyo huja na mchanga miguuni. Futeni kila mguu kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuvipandisha verandani, la sivyo mtakuwa mmepiga sakafu msasa.

Mwanga: nguo, karatasi na picha za zamani zisizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), picha za rangi ya mafuta na mbao zilizopakwa rangi, laksi 200. Karibu na dirisha la Nairobi, hata siku ya mawingu, utakuta laksi zaidi ya elfu moja. Madhara ya mwanga hujumlishwa, hayafutiki kwa kufunga mapazia Jumapili. Fungua pazia zamu inapoingia, funga inapotoka.

Chai ni nje, hatua ishirini kutoka mlangoni, tena baada ya ziara wala si kabla. Mafuta ya mandazi huhama kutoka vidoleni hadi kwenye mikono ya viti na fremu za milango. Chembechembe huleta sisimizi na mende, na mende hutafuna gundi ya majalada ya vitabu. Wekeni ndoo ya maji yenye mfereji na sabuni kando ya meza, kwa sababu kuna watakaorudi ndani kuchukua mkoba.

Mwalimu_wa_Kale

Njiwa, nakuunga mkono kuhusu mada. Nyumba kama hiyo ilisimama kwa jasho la watu wengi, na watu hao wana historia inayoweza kusimuliwa kwa ushahidi.

Chukua nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmark aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na Nairobi, iwe kielelezo, kwa kuwa habari zake zinajulikana vizuri. Ilijengwa 1912 na Msweden Åke Sjögren. Akina Blixen waliinunua 1917, na Karen akaondoka nchini 1931. Shamba lilikuwa la ekari 6,000 hivi, na zilizopandwa kahawa ni kama 600 tu. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo kama zawadi ya uhuru, na makumbusho yakafunguliwa 1986. Kwa habari hizo chache tu unapata Jumamosi nne bila kugusa mapenzi ya mtu yeyote.

Jumamosi ya kwanza, ardhi. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Watoto huielewa hesabu hiyo upesi: waulize hati ya 1915 ingekwisha mwaka gani, halafu nyamaza wapige hesabu. Ya pili, kazi. Sheria ya 1918 iliwalazimu maskwota, yaani Waafrika walioishi kwenye mashamba ya walowezi, kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Baada yake kikaja kipande shingoni, yaani cheti cha utambulisho walicholazimishwa wanaume Waafrika, na kutoka hapo unafika kwa Harry Thuku, kiongozi aliyekipinga, na watu waliopigwa risasi mjini Nairobi tarehe 16 Machi 1922, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Mada hii ipewe msemaji hodari na muda wa kutosha, kwa sababu ndiyo itakayozua maswali mengi.

Ya tatu, kahawa, na hapa leteni vitu vya kushika. Agosti ni vigumu kupata buni mbivu maeneo ya kati, maana msimu mdogo umepita na mkubwa huanza Oktoba. Tafuteni mbuni (matunda ya kahawa yaliyokaushwa mazima) na kahawa yenye ganda lake la ndani, kilo mbili mbili. Mweleze msikilizaji kwamba kilo moja ya kahawa safi hutoka katika kilo 6 au 7 za matunda mabivu, tena matunda hayo lazima yamenywe siku ile ile yalipochumwa, la sivyo huanza kuchacha. Hapo ataelewa mlowezi alihitaji mikono mingapi, na kwa nini ardhi ya juu yenye baridi na ukame ilimfilisi hata akiwa na mikono hiyo.

Ya nne, jikoni. Kwa Blixen kulikuwa na Kamante Gatura aliyepika, na Farah Aden aliyesimamia nyumba. Katika nyumba yenu nao wapo, ila majina yao hayako kwenye kibao cha mlangoni. Yatafuteni katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, kwenye jengo lililokuwa Benki ya India. Anzeni wiki sita kabla. Unapekua orodha, unanakili nambari ya faili bila kukosea hata alama moja ya mkwaju (/), unaagiza, unasubiri. Na faili inaweza kuja bila unachokitafuta ikakulazimu kuanza na nyingine. Nenda na penseli, kalamu ya wino iache nyumbani.

Kwa mpangilio, dakika 35 za kuzungumza na 20 za maswali zinatosha. Msemaji aanze na kitu kimoja kilicho mbele ya macho ya watu, awe ameshakitaja ndani ya dakika mbili za kwanza. Akianza na "ukoloni ulianza lini", watoto wameshakwenda kwenye nyasi.

Fundi_Mitambo

Saa nane mchana. Agosti yetu ni ya baridi: alfajiri nyuzi 11 au 12, na mawingu mazito hukaa hadi karibu saa sita. Ukiwaita saa tatu asubuhi watakaa wamejikunyata. Jua linazama baada kidogo ya saa kumi na mbili na nusu, hivyo mkimaliza saa kumi watu wana muda wa ziara, chai na matatu ya kurudi mjini.

Kwa veranda inayotazama magharibi, mawingu yakifunguka saa tisa jua litaingia moja kwa moja. Pangeni viti ili migongo ya wasikilizaji ielekee jua, na msemaji asimame ndani kabisa kwenye kivuli cha paa.

Projekta achana nayo. Hata ya lumeni 3,000, verandani mchana picha inafifia kwa sababu mwanga wa nje unageuza kila cheusi kuwa kijivu. Chapisheni picha nane kwa ukubwa wa A1, yaani sentimita 59.4 kwa 84.1, zibandikwe kwenye ubao wa povu wa milimita 5 na kusimamishwa kwenye stendi. Msigonge msumari wala kubandika selotepu ukutani. Maandishi yawe na kimo cha angalau sentimita 1 kwa kila mita 3 za umbali. Mstari wa nyuma ukiwa mita 9, herufi ni sentimita 3.

Watu 40 nje wanahitaji kipaza sauti. Spika moja ya betri inatosha. Iweke mbele ya msemaji na pembeni kidogo, ikitazama watu, maana ikiwa nyuma yake maiki itaisikia na mluzi utaanza. Maiki ivikwe sponji ya upepo. Kila swali lirudiwe na msemaji kabla ya kujibiwa, hasa la mtoto.

Kuhusu umeme: soketi ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba wati 3,100 hivi, na birika la umeme peke yake linakula 2,000 hadi 3,000. Usilichomeke pamoja na kitu kingine chochote, na kwa nyumba yenye nyaya za zamani usilichomeke kabisa. Chai ije kwenye chupa. Kebo ndefu ya kuviringisha ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita tatu tu, kwa kuwa ikiwa imejikunja hupata joto, plastiki huyeyuka, na chini yake kuna mbao zenye miaka mia na zaidi.

Njiwa_wa_Ngong

Asanteni sana, mmetuokoa. Mwalimu, Jumamosi ya nne tunataka kumwalika mzee wa eneo ambaye wazazi wake walifanya kazi mashambani huko. Tumrekodi vipi bila kumchosha? Na tunaweza kuonyesha filamu ya zamani baadaye?

DadaKumbukumbu

Kwa ruhusa ya Mwalimu, nijibu hili. Mzee asihutubie. Akae kwenye kiti chenye mikono, mwenzenu amkalie kando, wazungumze dakika 20, kisha apumzike. Mtembeleeni nyumbani wiki moja kabla, mkubaliane ni maswali gani ataulizwa na yapi hataki, na atazungumza lugha gani. Kama ni Kikuyu au Kimaasai, mkalimani atafsiri kila baada ya sentensi mbili tatu, kwa hiyo ongezeni dakika 15. Nauli na shukrani yake apewe mkononi kabla hajaketi, asisubirishwe mwishoni.

Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na shuka au shali. Rekodini kwa WAV, kilohezi 48 na biti 24, na simu moja irekodi pembeni kama akiba. Idhini iwe ya maandishi, isomwe kwa sauti, itaje iwapo rekodi itawekwa mtandaoni.

Watoto ni jambo jingine. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na picha yake imo. Fomu ya kujiandikisha iwe na kisanduku cha mzazi kukubali au kukataa picha, na karatasi yenye namba za simu isiachwe wazi mezani.

Filamu lazima iwe imepewa daraja na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani, na mwenye haki awe amekubali. Kwa picha za kawaida, haki ya mpigapicha nchini hudumu miaka 50, lakini taasisi iliyozihifadhi bado itataka uombe. Ningewashauri muiache filamu. Wakati huo utumieni kumsikiliza mzee, na ndani ya wiki mbili mpelekeeni nakala ya sauti yake kwenye flashi, nyingine ibaki kwa msimamizi wa makumbusho ikiwa na tarehe, jina na karatasi ya idhini.