Ankara ya ujenzi si barua ya kuomba msaada

Ndugu zangu mafundi na wakandarasi, na nyinyi wenye nyumba mnaotuajiri, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimekarabati nyumba hapa Mombasa kwa miaka kumi na minne, na sijazoea bado kumwona mteja akiisifu kazi kutwa kucha, akaingiza wageni katika vyumba vilivyokauka rangi juzi, kisha siku anayopokea ankara ndipo aanze kuhoji kilichofanywa.

Nyumba yenyewe iko Mji wa Kale. Tulipatana shilingi 1,400,000 kabla ya kodi: asilimia 40 ya kuanzia, 30 kazi ikifika katikati, na 30 ya kumalizia. Tulipobandua plasta ya saruji, ambayo mtu aliipaka zamani juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe akaufungia unyevu ndani (kuta zile zinataka chokaa, na kosa hilo limeziharibu nyumba nyingi mtaani), tulikuta vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vimeoza. Nilimwita mwenye nyumba nikamwonyesha, na mti wa mkoko wa boriti hizo ukamomonyoka mbele ya macho yake. Nikamwambia kuzibadilisha kutamgharimu shilingi 185,000 zaidi, na kwamba nataka tuandikiane. Akanijibu, "Fundi, kwani mimi nitakimbia? Wewe endelea, tutahesabiana mwisho." Usiku ule nilimtumia hesabu hiyo kwa simu, naye akajibu neno moja, "Sawa." Niliendelea, kwa sababu sakafu ya ghorofa ilikuwa imeegemea miti ya muda na vibarua walikuwa chini yake.

Kazi ilipokwisha, yeye mwenyewe ndiye aliyenihimiza nimtolee ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato (KRA), kabla hajalipa, maana bila hiyo gharama yake haitambuliwi katika hesabu za kodi za biashara yake ya wageni. Nikaitoa: 420,000 za awamu ya mwisho, 185,000 za boriti, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 ambayo ni 96,800, jumla shilingi 701,800. Akatuma 300,000 na ujumbe kwamba boriti "hazikuwa kwenye mkataba", na kwamba salio tutalizungumza msimu wa wageni ukipita.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Ankara ikishaingia kwenye mfumo, kodi yake inadaiwa kwangu ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa. Yeye ana karatasi ya kuonyesha kwamba ametumia shilingi 701,800. Mimi nimetanguliza kodi ya fedha ambazo sijazishika, na duka la vifaa linanipigia simu kila asubuhi. Anataka nipunguze ankara kwa kutoa hati ya kuondoa gharama ya boriti, lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba kazi ile haikuwa na malipo.

Wako wenzangu walionishauri nimsamehe kwa kuwa ana jamaa wengi wenye nyumba za kukarabati. Ushauri huo ndio uliotufikisha hapa, kwa sababu jamaa hao watakuja wakijua tayari kwamba ankara yangu hukatwa.

Wiki ijayo napeleka deni la 401,800 katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambako nitajisimamia bila wakili, na ambako sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Ninazo picha za boriti zilizooza na za mpya, risiti za miti, ile "Sawa" yake, na ujumbe wake wa mwisho, ambao haukani kwamba boriti ziliwekwa. Aliyewahi kudai malipo ya kazi ya ziada mahakamani humo bila mkataba uliotiwa saini, naomba anieleze mwamuzi aliupokeaje ushahidi wa simu, na kama ilimbidi kumleta kibarua kutoa ushahidi.