Mawe ya Morogoro mbona yana mistari?

Wakuu, Mwanza mawe ya ziwani ni graniti tupu, ila huku Morogoro nimevunja jiwe lina mistari myeupe na myeusi imejikunja kama chapati, imekuaje?

— Mkuu hapo ulipo ni tumboni mwa mlima. Miaka kama milioni 600 iliyopita mabara yaligongana Gondwana (bara moja kubwa la kale) ikaundwa na milima ikainuka, mawe ya chini yakazama kilomita kibao yakaiva kwa joto yakajikunja, baadae milima hiyo ikalika ukabaki mzizi. Mwanza ni bara kongwe, zaidi ya miaka bilioni 2.5, haikuvurugwa hivyo.

— Kwahiyo Uluguru ndo milima yenyewe?

— Hapana aisee, Uluguru imeinuliwa baadae sana, mawe tu ndo ya zamani. Hata tanzanaiti ya Mererani imepikwa kwenye mkanda huohuo wa mawe yaliyojikunja, unashuka mpaka Msumbiji.