Mkunga wa wodi anataka PhD ya uuguzi: nianze na chuo, msimamizi au ada?

Mkunga_wa_Nyanda

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni muuguzi mkunga, hospitali ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini, nina masta ya ukunga. Arobaini nimeshaipita, watoto wako sekondari. Nataka kusoma PhD ya uuguzi, ile ya utafiti hasa. Wenzangu wodini wananitania: ukishaitwa daktari, sista, utakubali tena kutundika dripu?

Kinachonisukuma ni patografu, ile karatasi ya kufuatilia mwendo wa uchungu wa mama na hali ya mtoto. Napokea zamu asubuhi nazikuta zimejazwa vizuri mno, mapigo ya mtoto kila nusu saa bila kuruka, na mkunga alikuwa peke yake usiku kucha na wazazi kadhaa kwa mpigo. Sote tunajua zilijazwa baada ya mtoto kulia. Nataka kujua kwa nini. Je, hiyo inatosha kuwa mada?

Kalamu_na_Kanga

Dada, pole na zamu. Nilimaliza PhD nikitokea wodini kama wewe, sasa nafundisha. Nakujibu bila kupaka rangi.

Swali lako lina uhai, lakini kwa hali lilivyo bado ni la masta. Kwamba patografu hujazwa vibaya au kwa kuchelewa kumeandikwa sana Afrika nzima, na sababu ni zilezile: wakunga wachache, fomu zimekwisha, mafunzo hafifu. Ukipeleka dodoso la kuuliza sababu utarudi na orodha hiyohiyo. Jopo litakuuliza jambo moja tu: kipi kipya hapa?

Kipya kipo, tena unacho mkononi. Mkunga aliye peke yake na wazazi wanne anaamuaje aanze na nani? Anamsikiliza mama, anamwangalia usoni, anategemea ndugu aje kumwita? Na ile karatasi inayojazwa alfajiri inajazwa kwa ajili ya nani: mama, au mkaguzi? Hapo unasoma jinsi uamuzi unavyofanyika, na patografu inakuwa mlango tu wa kuingilia. Kumbuka pia kwamba mwaka 2020 WHO walitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu. Hatua ya uchungu mkali sasa inahesabiwa mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 5, si 4 tena, ule mstari wa tahadhari wa patografu, wa kuonyesha kwamba uchungu unakwenda polepole, umeondolewa, na mkunga anatakiwa kuandika kama mama ana mwenza wa kumsindikiza, amekunywa kitu, amekaa mkao gani. Kazi imeongezeka kwenye karatasi, mikono ni ileile miwili. Huo ni uwanja wa miaka minne.

Njia yake ni kukaa wodini usiku na daftari, halafu mahojiano. Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wauguzi tunapokwama. Umekaa unaandika, mama anaanza kutokwa damu, mkunga yuko kitanda kingine. Unaweka daftari chini au huweki? Jibu unalijua, lakini kamati ya maadili inataka ulione limeandikwa kwenye andiko: utaingilia lini, utamjulisha nani, na data za usiku huo utazifanyaje. Na usifanyie utafiti wodi unayoiongoza. Mkunga ambaye wewe ndiye unampangia zamu hana uhuru wa kukukatalia.

Kuhusu chuo, tafuta msimamizi kwanza. Soma alichoandika, halafu mtumie ukurasa mmoja, usizidi. Omba wasimamizi wawili tangu mwanzo. Wangu wa kwanza aliteuliwa serikalini katikati ya safari, nikabaki na salamu za pongezi za kumpelekea.

Vibali: kamati ya maadili ya chuo, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), kisha barua za mkoa, mkurugenzi, mganga mkuu wa wilaya, hadi mganga mfawidhi. Kila meza ina siku zake. Usimwahidi mfadhili tarehe kabla hujazipita zote.

Nesi_wa_Kakamega

Naongezea kutoka Kenya. Ukija kukusanya data huku utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kando na kibali cha maadili. Na kwa vyuo vya huku, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka mwanafunzi wa PhD awe amechapisha makala mbili kwenye majarida yenye wapitiaji kabla ya kumaliza. Hapo ndipo matapeli hukungojea na majarida yao ya kukubali makala kwa siku tatu ukishatuma pesa. Tumia HINARI ya WHO, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya afya, kusomea, kama chuo chako kimesajiliwa hulipi au unalipa kidogo sana.

Bongo_Minnesota

Huku Marekani angalia usichanganye. Wauguzi wengi wanachukua DNP, ambayo ni udaktari wa utendaji: unamaliza na mradi wa kuboresha huduma. Kama unataka utafiti, tafuta PhD, na ulizia mapema nani atakulipia. Sweden nako ada ya PhD hakuna hata kwa mgeni, na wanafunzi wengi wanaajiriwa na chuo kwa mshahara. Ila nafasi zinagombewa kwelikweli.

Mkunga_wa_Nyanda

Kalamu, umeniamsha. Hilo la wodi yangu sikuwa nimelifikiria, na kweli mimi ndiye napanga zamu. Nitaangalia hospitali ya wilaya jirani. Swali la mwisho: nimuage mwajiri kabla au baada ya kupata udahili?

Kalamu_na_Kanga

Kabla, tena kwa maandishi. Jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, la sivyo utapata udahili na ruhusa ukakosa. Uliza pia muundo wa utumishi unampangia nini muuguzi mwenye PhD akirudi hospitalini, maana wengi wakishajibiwa hilo huishia kuhamia vyuoni. Huo ukurasa mmoja ukiwa tayari nitumie inboksi, nitaupitia Jumapili.