Robo saa ya mazoezi kila siku ili nipungue: nitangaze kwa watu au nifanye kimya kimya?

FundiMakorora

Assalaam aleykum, na habari zenu wote.

Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Makorora hapa Tanga, kazi yangu ni cherehani. Nina miaka 41, urefu sentimita 160, na mzani wa zahanati umesoma kilo 88. Siku hiyo hiyo nilipimwa presha, ikaonekana imepanda kidogo. Daktari hakunipa dawa. Ameniambia nipunguze uzito na chumvi, kisha nirudi baada ya miezi mitatu.

Nimeamua kufanya mazoezi robo saa kila siku. Robo saa kwa sababu huo ndio muda ninaoweza kuupata kweli: alfajiri baada ya swala, kabla sijainjika chai ya watoto. Baada ya hapo niko kwenye kiti mchana kutwa, na nguo za Sikukuu zikianza kuingia nakaa mpaka usiku mkubwa, nainuka miguu imejaa.

Ushauri ninaoomba ni huu wa kutangaza. Dada yangu anataka niseme mbele ya kikoba chetu, tunakutana kila Jumapili, na kila siku nikimaliza niandike kwenye kundi letu la WhatsApp. Anasema mtu akishatamka mbele ya wenzake inakuwa vigumu kurudi nyuma. Mume wangu hataki. Mazoezi hayakatai, raba kaninunulia yeye mwenyewe. Anachokataa ni kujitangaza: watu wana maneno, na jambo jema hufanywa bila kelele.

Na mimi kuna linalonikera zaidi. Huku kwetu mtu akinenepa anaambiwa maisha yamemkubali na mumewe anamtunza. Akipungua anaulizwa, "Mbona umekwisha hivyo? Unaumwa?" Jirani yangu alipungua kwa juhudi zake mwenyewe, wakampa kila ugonjwa unaoujua, na mumewe naye akasemwa.

Nitangaze au nisitangaze? Nikitangaza niseme nini? Na robo saa kweli inatosha?

---

BintiChumbageni

Pole na hongera dada kwa kuanza kufikiria. Mimi nasema tangaza, ila angalia unatangaza nini. Shoga yangu alitangaza kilo kumi kabla ya harusi ya mdogo wake. Tangu siku hiyo kila anayekutana naye macho kwanza tumboni: "Zimetoka ngapi?" Akienda shughulini, sahani yake ya pilau inahesabiwa na watu. Mwisho akaanza kukwepa shughuli. Kutembea alikuwa anatembea vizuri tu, tena kila siku, lakini hakuna aliyeuliza habari ya kutembea. Watu walishika kilo.

---

MwalimuPongwe

Binti kagusa penyewe, nami niongeze hesabu ili FundiMakorora aone kwa nini.

Mtu wa kilo 88 akitembea kwa kasi ya wastani robo saa, mwili unatumia takriban kalori 77. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kubeba kalori 7,700. Gawanya. Ni kama siku mia moja kwa kilo moja, endapo hujabadilisha kitu kingine chochote. Sasa mtu aliyetangaza kilo kumi kwa robo saa ya kutembea amejifunga kwenye ahadi ambayo hesabu yenyewe haiwezi kuitimiza. Ataonekana hana nia, kumbe nia anayo na miguu inafanya kazi.

Kilo haiko mikononi mwako. Inapanda ukinywa maji, inapanda siku za hedhi, inakaa palepale wiki nzima bila sababu unayoiona. Dakika ziko mikononi mwako. Ukisema "robo saa kila asubuhi", jioni jibu ni ndiyo au hapana, na hakuna wa kukukagua kiuno.

Kuhusu kutangaza kwenyewe, mumeo hana makosa kabisa. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi. Wale ambao nia yao ya kusoma kwa bidii ilisomwa na mtu mwingine walifanya kazi kidogo kuliko wale ambao nia yao haikutazamwa na yeyote. Maelezo yao ni kwamba mtu akishatambuliwa kuwa yeye ni wa namna fulani, moyo unapata sehemu ya utamu wa kufika kabla hajafika. Yaani ukisema "mimi sasa ni mwanamazoezi", wakakupigia makofi, hatari ipo. Lakini ukisema "kesho saa kumi na mbili kasoro nitakuwa barabarani, nikimaliza nitaandika", hapo hujapewa sifa yoyote. Umejiwekea deni la asubuhi, la kulipwa asubuhi.

---

NesiMstaafu

Mwanangu FundiMakorora, nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi huku pwani, naomba unisikilize kwa utulivu.

Robo saa inatosha kuanzia, haitoshi kuishia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Robo saa yako kwa siku saba ni dakika 105. Umebakiza 45 tu, na hizo zinapatikana mchana, kwa sababu mwongozo huo uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipande kisipungue dakika kumi. Dakika tano za kwenda dukani kwa miguu zinahesabika.

Kwako wewe kiti chenyewe ni kifaa. Kila ukimaliza nguo moja, inuka na ukae polepole mara kumi bila kushika meza. Hayo ni mazoezi ya mapaja, na damu iliyotuama miguuni inapanda. Kisha simama mbele ya ukuta, weka viganja usawa wa kifua, jisukume. Kuruka kamba acha kwanza, magoti yako yamebeba mzigo. Kasi ya kutembea ipime hivi: uweze kuongea, usiweze kuimba.

Miguu kujaa jioni baada ya kukaa ni jambo la kawaida. Ukiamka asubuhi bado imejaa, au mguu mmoja tu ndio umevimba na unauma, au unapotembea kifua kinabana, usisubiri miezi mitatu, rudi kwa daktari.

Na mzani uache kidogo. Wewe una futi shingoni siku nzima, kajipime nayo. Tafuta ubavu wa mwisho kwa chini, tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, katikati yake ndipo pa kupimia. Toa pumzi kama kawaida, futi isibane. Kwa mwanamke, kuzidi sentimita 88 ni dalili kwamba mafuta yamezunguka viungo vya ndani, na hayo ndiyo yanayoshirikiana na presha na kisukari. Pima mara moja kwa mwezi. Fundi anajua nusu inchi ina maana gani kwenye gauni.

Usitishwe na hesabu ya mwalimu, ni ya kweli lakini ni nusu ya habari. Ukipungua asilimia tano tu ya uzito wako, yaani kilo nne na kidogo, presha na sukari huanza kuonyesha nafuu. Huhitaji kuwa mwembamba ili mwili ukushukuru.

---

Kibuyu_cha_Pwani

Nesi asante. Mimi naongeza jikoni tu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilichosawazishwa, ni kama gramu nne, kalori 16. Vitano ni kalori 80, tayari ni robo saa yake yote ya kutembea. Na sisi vijiko vyetu huwa na kilima juu! Dada, punguza sukari ya chai kabla ya kugusa chakula kingine. Mbaazi zako kula, ila maandazi mawili badala ya manne, na tui la kwanza zito libaki kwa siku za wageni. Samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga. Tanga hatuna shida ya samaki.

---

Msimamizi_wa_Hesabu

Mimi ni mtunza hazina wa kikoba, huku Mikanjuni. Kwa nini msitumie silaha mliyo nayo tayari? Kikoba kinajua faini. Achangie shilingi mia tano kila siku aliyoruka bila udhuru.

Hili limewahi kujaribiwa Ufilipino kwa wavuta sigara. Waliokubali kujiunga waliweka akiba benki kwa miezi sita, na mkojo ukipimwa ukakutwa na nikotini, pesa zote zinakwenda kwenye hisani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliopewa mpango huo waliacha sigara zaidi kuliko wasiopewa, na hata baada ya mwaka tofauti ilikuwepo. Ilikuwa ndogo, kama watu watatu zaidi katika kila mia, lakini ilikuwepo.

---

BintiChumbageni

Msimamizi, kwa heshima, faini siipendi. Mama mwenye watoto watatu ana siku mtoto kaamka na homa, ana siku za tumbo la mwezi, na masika ikishuka hapa Tanga barabara ni maji matupu. Akitozwa atajisikia mkosaji, kisha atadanganya kwenye kundi, kisha atanyamaza. Sigara ni kuacha kitu kibaya. Huyu anaongeza kitu kizuri, usimtoze.

---

Msimamizi_wa_Hesabu

Ndiyo maana nimesema "bila udhuru". Lakini nakubali jambo moja: kama faini itamfanya aogope kundi, basi iondoke. Badala yake aweke akiba yake mwenyewe. Kila siku aliyotimiza anatia mia tano kwenye kibubu, ya kununua raba mpya hizi zikichakaa.

---

MwalimuPongwe

Na kuhusu kuruka siku: Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu waliojizoesha jambo dogo la kila siku, kama kunywa maji au kutembea, na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Ilichukua wastani wa siku 66 hadi jambo likawa linajiendea lenyewe. Wengine siku 18, wengine ilikadiriwa zingefika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo kundi lisiulize "jana vipi?" Liulize "leo vipi?"

---

MzeeRaskazone

Mwanangu, mumeo namwelewa. Sisi tumelelewa hivyo, na kuchunga riya ni jambo zuri. Lakini kuna tofauti kati ya kujitangaza na kuwa na shahidi. Huhitaji mtaa mzima ukujue. Chukua watu wawili watatu unaowaamini.

Mimi jioni hutembea barabara ya Hospitali, kutoka maeneo ya Bombo hadi huku Raskazone, upepo wa bahari unapiga. Kuna akina mama wanatembea wawili wawili, madera na mitandio yao, raba miguuni, wanaongea mambo yao. Hakuna anayewashangaa. Kilichowatoa nyumbani ni kwamba mwenzake anamngoja pale kwenye kona, na kumwacha mtu akingoja peke yake ni aibu kwetu. Tena alfajiri bado kuna giza, usitembee peke yako.

Na hilo la kuulizwa kama unaumwa, ndilo linanifanya nikwambie: sema mapema. Ukinyamaza ukapungua, watu watatunga sababu yao. Ukiwaambia tangu mwanzo kwamba daktari kakuambia presha imepanda na umeanza kutembea, umewapa sababu ya kweli kabla hawajaitunga ya uongo. Na mumeo naye atakuwa amelindwa na maneno.

---

FundiMakorora

Shikamoo mzee wangu, na shikamoo mama Nesi. Wengine wote ahsanteni sana.

Nimemsomea mume wangu haya majibu usiku. Lile la mzee, kwamba nikinyamaza atasemwa na yeye, ndilo lililomgeuza. Amekubali niseme kwenye kikoba, kwa sharti kwamba kusiwe na picha, wala namba ya kilo. Nimeona ni haki.

Nimeandika hivi, nitasoma Jumapili:

"Wenzangu, daktari ameona presha yangu imepanda, ameniambia nipungue. Kuanzia Jumatatu natembea robo saa kila siku baada ya swala ya alfajiri. Nikimaliza nitaandika kwenye kundi neno moja, *tayari*. Msiponiona mpaka saa mbili asubuhi, mmoja wenu anipigie simu. Kilo zangu naomba msiniulize. Anayetaka kuandamana nami, tukutane mlangoni kwangu."

Faini sitaki, kibubu nimekipenda. Swali la mwisho: mvua ikinyesha nifanyeje, chumba changu ni kidogo na watoto wamelala?

---

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Maneno yako yamekamilika, usiongeze.

Mvua ikinyesha tembea papo hapo uliposimama, ukinyanyua magoti hadi usawa unaoweza, mikono ikifuata. Dakika tatu hivyo, kisha inuka na ukae kwenye kiti mara kumi, kisha ukuta mara kumi, rudia mpaka robo saa iishe. Vua raba ili watoto wasiamke. Ukifanya hivyo andika *tayari* kama siku nyingine yoyote.

Na kabla ya Jumatatu pita zahanati upime presha tena, uandike namba zote mbili na tarehe kwenye daftari la vipimo vya wateja wako, ukurasa wa mwisho. Rudia kila mwezi. Siku ya kurudi kwa daktari nenda nalo.

---

BintiChumbageni

Dada, na mimi niko Chumbageni, siwezi kufika mlangoni kwako alfajiri. Lakini Jumamosi jioni natembea barabara hiyo ya mzee. Nitumie ujumbe faragha, tupange.