Baiskeli ya gia ya mtumba kwa 320,000: nanunua au napigwa?

Mwl_Nyegezi

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi.

Nina miaka 44, nafundisha jiografia sekondari, naishi Nyegezi, hapa Mwanza, upande wa mlimani. Baiskeli niliyoendesha mara ya mwisho ni Phoenix ya marehemu baba kule Magu, tena nilikuwa napitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu kwenye siti sikufika. Sasa presha imeanza kunisumbua, daktari kasema niushughulishe mwili, na magoti yamekataa kukimbia. Nikawaza ile barabara ya vumbi ya Luchelele, asubuhi kabla jua halijawa kali, ziwa lipo pembeni, hakuna daladala ya kunipigia honi.

Jana nimeona moja kwa muuza mitumba karibu na Mlango Mmoja. Nyekundu, inang'aa kama pikipiki mpya. Tairi inchi 26 zenye meno, gia 21, shokapu mbele na nyingine chini ya siti, breki za diski. Anataka 320,000. Nikamwambia 200,000, akacheka mpaka jirani yake anayeuza mabegi naye akacheka. Anasema imetoka Japani na haijaguswa na spana.

Mimi shokapu nzima na mbovu sizitofautishi. Niliikalia, miguu ikafika chini vizuri. Nikapiga kengele, ikalia. Huo ndio ukaguzi wangu wote. Niangalie nini? Na kwa milima yetu hii, gia 21 zinatosha?

Furu_Mkavu

Mtu wa Magu anauliza mambo ya baiskeli mtandaoni! Wazee wakisikia watakutoza ng'ombe, mwalimu.

Binti_wa_Fundi

Shikamoo mwalimu. Achana na huyo wa furu.

Baba yangu anatengeneza baiskeli Igoma tangu enzi za daladala za baiskeli, kabla bodaboda hazijazimeza. Kazi yangu nikiwa mdogo ilikuwa kuosha gololi kwa mafuta ya taa kwenye kopo la maziwa, na ikipotea moja nilitafuta mchangani mpaka ipatikane. Kwa hiyo nisikilize.

Kwanza hiyo rangi. Japani mtu akiachana na baiskeli haipaki rangi mpya ndipo aitupe. Kama inang'aa hivyo, imepakwa huku, na swali ni kwa nini. Nenda na sumaku ya spika mbovu, rula ya inchi 12 (hiyo unayo) na kitambaa.

Sumaku iweke kwenye fremu. Ikinata ni chuma, isiponata ni alumini. Chuma kikipasuka, hata fundi wa mageti atakuchomelea ufike nyumbani. Alumini inataka mashine ya gesi ya agoni, na hata ikishaungwa, pale palipopata moto huwa pamepoteza nguvu. Alumini yenye ufa usiombe hata kupunguziwa, iache. Futa vumbi, pitisha ukucha kwenye maungio yote, hasa pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani. Hapo ndipo panapobeba kishindo cha kila shimo. Ukucha ukikwama, au rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa, pachunguze.

Rula ni ya cheni. Kila pingili ni nusu inchi. Kaza cheni, weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele yake. Ya 24 inatakiwa ikae kwenye 12 kamili. Ikipita kwa 1/16, cheni imechoka. Ikipita kwa 1/8 ujue imeshakula na meno, utanunua cheni pamoja na friwili (yale meno ya nyuma), maana cheni mpya kwenye meno yaliyokwisha inaruka. Gharama hiyo itoe kwenye bei yake palepale, kwa sauti, wateja wengine wakisikia.

Bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia tok tok, gololi za shingo zimelegea au zimekwisha. Shika krenki zote mbili (ile mikono inayobeba pedali) utikise kulia na kushoto, zisicheze. Inua kila gurudumu ulizungushe: likiyumba kama mlevi wa Jumapili, spoki zimelegea au rimu imepinda. Spoki zinakazwa, rimu iliyokunjika ni ya kununua.

Shokapu mbili ndizo zinanitia shaka kuliko yote. Shokapu ya nyuma iliyo nzuri inazidi bei ya hiyo baiskeli nzima. Ya bei rahisi ni springi ya kitanda tu: ukipanda kwenda kwako, nusu ya nguvu inabonyeza springi badala ya kusukuma tairi, na uzito wake unaubeba wewe. Kwa anayeanza, shokapu ya mbele peke yake inatosha, na hata bila hiyo utaishi. Breki za diski ziangalie kama zinavutwa kwa waya au kwa mafuta. Za waya yeyote atakurekebishia. Za mafuta zina aina zake mbili, na fundi akikutilia isiyo yake, raba za ndani zinavimba.

Gia 21 ni maduara matatu ya meno mbele mara saba nyuma. Namba yenyewe isikubabaishe. Weka cheni kwenye duara dogo la mbele na kubwa kabisa la nyuma, huku unakanyaga. Ikikaa pale bila kuruka, mlima utaupanda. Isipokaa, una mapambo 21.

Na hilo la miguu kufika chini ukiwa umekaa: siti imeshushwa, mwalimu. Shuka, simama juu ya bomba la juu, nyayo zote chini. Kati yako na bomba pabaki vidole vitatu au zaidi. Pasipobaki, hiyo fremu ni ya mtu mwingine. Siti yenyewe unaipima hivi: kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke.

La mwisho, kabla hujateremka popote ujue breki ya mbele iko mkono upi. Za Japani kwa kawaida ni kulia, za Marekani kushoto, na zikishapita kwa mafundi wetu usiamini chochote.

Jiwe_la_Capripoint

Dada kamaliza ufundi, mimi naongeza karatasi. Mwaka juzi nilinunua ya 180,000 kwa kijana mmoja Buzuruga, kwa upole wake na haraka zake. Wiki mbili baadaye nimesimama nanunua muwa, akatokea mwenye baiskeli na askari, na picha yake kwenye simu. Namba ya fremu iko chini, pale krenki zinapopita. Tukaigeuza baiskeli miguu juu mbele za watu, tukasoma namba pamoja, moja moja, kama matokeo ya mtihani. Baiskeli ikaenda, hela ikaenda, na mchana mzima nikaumaliza kituoni nikieleza kwamba mimi si mwizi.

Sasa sinunui bila hati ya mauziano kwa mwenyekiti wa mtaa, namba ya fremu imeandikwa humo, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Anayekataa kwenda kwa mwenyekiti amekujibu tayari. Na ukikuta hiyo namba imesagwa kwa msasa, hata usimuage.

Mwl_Nyegezi

Marahaba binti, na wabeja sana nyote. Narudi na ripoti.

Jumamosi nilifika saa mbili na sumaku mfukoni. Haikunata. Muuzaji akauliza natafuta nini, nikasema nafundisha jiografia, akanyamaza. Nikasimama juu ya bomba: vidole vitatu wapi, hata karatasi isingepita. Mimi ni sentimita 165, siti ilikuwa imezamishwa mpaka mwisho.

Hapo ningeweza kuondoka, lakini nilishakuwa na hamu ya ukucha. Chini ya shingo, upande ambao hauonekani ikiwa imesimama, rangi ilikuwa nene kuliko pengine. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Nikafuta, nikainama na tochi ya simu. Mstari mwembamba kama unywele unazunguka nusu ya bomba, na ndani yake kuna kitu cheupe, puti ile ya kuzibia mabati ya magari. Nikamwita muuzaji aangalie. Akaangalia muda mrefu, akasema, "Hiyo ni stika ilitoka, mwalimu." Halafu bila mimi kutaja bei akasema 250,000. Nikavuka barabara yuko 190,000. Yule wa mabegi safari hii hakucheka.

Nimenunua nyingine Malimbe, kwa mwalimu mwenzangu anayehamia Dodoma. Ya chuma, kijani kilichopauka, haina shokapu hata moja, breki za raba, gia 18. Bomba la juu linaniacha vidole vinne. 150,000, na tulikwenda kwa mwenyekiti, akashangaa watu wawili wazima kuandikiana hati ya baiskeli. Gurudumu la nyuma linayumba kidogo. Rula ilipita 12 kwa 1/8 na zaidi, meno ya nyuma yamechongoka kama ya mamba, nikamwonyesha, akaniondolea 20,000 bila ugomvi. Mtu aliyekuuzia akiwa anajua unajua, mambo yanakuwa mafupi.

Leo asubuhi nimefika Luchelele. Kushuka nilijiona kijana. Kurudi, mlima wa kwanza cheni iliruka mara tatu, nikashuka, nikakokota. Mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani akanipita, akaniamkia, akasema, "Pole baba, imeharibika?" Nikasema ndiyo.

Swali la mwisho. Nozeli ya tyubu ni nyembamba, ina kichwa cha kuzungusha, na pale sheli bomba la upepo halikushika. Tyubu mbovu?

Furu_Mkavu

Ungesema ukweli tu kwa yule mama.

Binti_wa_Fundi

Tyubu si mbovu. Hiyo nozeli inaitwa Presta. Fungua kile kichwa kwanza, kibonyeze kidogo upepo utoke puu, ndipo ujaze. Bomba la sheli ni la nozeli nene za magari na pikipiki, kwa hiyo tafuta kile kipande kidogo cha shaba cha kuvisha juu yake. Hakizidi ukubwa wa kifuniko cha kalamu, kifunge kwenye pete ya funguo kabla hakijapotea. Usikubali mtu akutobolee rimu iwe pana ili aingize nozeli nyingine. Najua kuna watu wanafanya hivyo, lakini rimu nyembamba ukiitanua tundu unaidhoofisha.

Cheni na friwili: usinunue kwa kukisia. Ya nyuma ina maduara mangapi ya meno, sita au saba? Cheni ya baiskeli isiyo na gia ni pana, haiingii kwako, na kuna watakaokuuzia hiyo hiyo.

Mwl_Nyegezi

Nimehesabu mara mbili. Sita.

Binti_wa_Fundi

Sita mara tatu mbele, ndiyo 18 zako. Baba anazo zote mbili. Njoo nayo Jumamosi asubuhi, Igoma, chini ya mwarobaini, utaona rimu zimening'inia. Hilo gurudumu la nyuma atalinyoosha hapohapo. Na usije umeiosha kwa mashine ya kuoshea magari, maji yanaingia kwenye gololi.

Mwl_Nyegezi

Nimeshaiosha.

Binti_wa_Fundi

Basi njoo Ijumaa.