Tupeane uzoefu: kuhama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL kwa kutumia PDO

Habari zenu, wanajamvi. Naanza na yaliyonikuta mimi. Nilikuwa na programu ya chama cha kuweka na kukopa niliyoiandika kwa PHP, ikitumia zile amri za zamani za MySQL ambazo ziliondolewa katika PHP 7.0, hivyo nikaihamishia yote kwenye PDO, yaani kiolesura cha PHP cha kuongea na hifadhidata za aina mbalimbali. Baadaye mteja alipotaka hifadhidata iwe PostgreSQL, nilimjibu kwamba ni kazi ya asubuhi moja, kwa kuwa kiolesura ni kilekile. Nilibadilisha mstari wa kuunganisha, na kila ukurasa uliokuwa na majina ya safu yaliyozungushiwa alama ya ` ukagoma. Hayo angalau yalijitangaza. Lililoniumiza lilikuwa la kimya: karani alitafuta "mwajuma" kwa herufi ndogo, na LIKE (amri ya kutafuta maandishi) ya PostgreSQL haikumwona "Mwajuma", ilhali MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haibagui herufi kubwa na ndogo. Akamsajili upya, na mama huyo akawa na akaunti mbili, moja ina akiba, nyingine ina mkopo. Kuandika ILIKE, ambayo haibagui herufi, kulinichukua dakika chache. Kuziunganisha akaunti za namna hiyo kulinichukua wiki nzima. PDO huifikisha hoja yako ya SQL kwenye hifadhidata, lakini haiitafsiri. Wenzangu mmekutana na yapi?

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, ndugu. Mimi nilikwama kwenye makosa yasiyosema. Kabla ya PHP 8.0, PDO ilipofeli kutekeleza hoja ilirudisha tu "false" na kuendelea, isipokuwa uwe umeiagiza irushe hitilafu. Sikuwa nimeiagiza. Stakabadhi zilichapishwa vizuri, mteja akaondoka nayo mkononi, na kwenye jedwali hakuna kitu.

Mchangiaji wa pili: Kwa upande wa Python hali ni hiyohiyo, pengine mbaya zaidi, kwa sababu PEP 249, mwongozo wa violesura vya hifadhidata vya Python, unaruhusu mitindo mitano ya kuweka vigezo ndani ya hoja: sqlite3, ya hifadhidata ya SQLite, hupokea alama ya kuuliza, psycopg2, ya PostgreSQL, hutaka %s. Hilo hurekebishika. Kosa langu lilikuwa kufanyia majaribio kwenye SQLite na kwenda kazini na PostgreSQL. SQLite ilikubali "5,000" pamoja na koma yake ndani ya safu ya namba kamili, ikaihifadhi kama maandishi bila kunung'unika; PostgreSQL iliikataa siku ya kwanza, mbele ya mhasibu.

Mwanzisha mada: Hiyo koma nimeicheka, kisha nikaenda kuangalia fomu zangu. Ipo kwenye mbili.